Dirisha la Jikoni

“Sikuanguka,” alimwambia daktari. “Nilivuta dirisha.”
Nami nilikuwa nimeketi kando, kofia mapajani,
nikijua ni dirisha gani.

Lilivimba kwa unyevu tangu Septemba.
Kila Jumapili nilisema: kesho nitalipiga randa.
Kesho ya seremala!
Miaka arobaini na mmoja nimenyoosha milango ya watu hapa Vadsø,
na kwangu fremu inalia kama mbwa aliyefungiwa nje.

Mgongo wa Torbjørg ulilia mara moja tu.
Sauti ndogo, asema, ya njiti ya kibiriti
inayokatika kabla haijawaka.

Daktari Kugathasan kwao ni Jaffna,
ila Kinorwei chake kina lafudhi yetu ya kaskazini.
Akageuza skrini tuone:
pingili moja imebonyea, kama mkate uliokaliwa,
na chini yake namba, hasi tatu nukta sita.
Nikauliza, ni kama fukusi?
Maana nimeziona boriti ambazo rangi haijabanduka,
ukizigonga kwa kifundo cha kidole zinajibu utupu.
“Ubao umekufa,” akasema. “Mfupa u hai.
Ndani mna mafundi wa kubomoa na mafundi wa kujenga,
usiku na mchana, tangu tumboni mwa mama.
Uzeeni wabomoaji huwahi kazini.
Wajenzi ndio wanaochelewa.”
Nikanyamaza.
Wajenzi wanaochelewa nawafahamu.

Ikawa sindano kila jioni, kwa miaka miwili.
Kalamu yake hulala ndani ya friji, kati ya siagi na jibini la kahawia.
Mikono yake hutetemeka, basi nadunga mimi:
nafinya ngozi ya tumbo,
tumbo lililombeba Sigmund, na yule asiyewahi kulia,
nahesabu taratibu hadi sita.
Usiku wa kwanza alishikwa na kizunguzungu,
akaketi ukingoni mwa kitanda
akatutukana kwa upole, mimi na madaktari wote wa Finnmark.

Novemba jua likaaga.
Mafuta ya samaki kwa kijiko, kidonge cha kalsiamu,
vyuma vyenye meno chini ya viatu, maana barabara ni kioo.
Na Ingvild wa mazoezi, miaka ishirini na sita, huruma hana:
simama bila kushika meza. Tena. Beba hiki. Tena.
“Mfupa hausikii maneno, bibi, husikia uzito.”
Sasa kila asubuhi Torbjørg hujiinua kwa vidole vya miguu
na kuziachia nyayo zipige sakafu, mara thelathini,
vikombe vikigongana kabatini,
nami nasoma ukurasa uleule wa gazeti.

Urefu haukurudi. Sentimita sita zimekwenda
bila kuacha anwani.
Vikombe vya rafu ya juu nilivishusha nisiseme kitu.
Kesho yake nikavikuta juu.
Hatujalizungumza.

Mwaka ukapita: hasi tatu nukta moja.
Nusu tu, nikasema.
“Nusu ni kuta nne,” akajibu daktari,
“na sindano zikiisha tutampa dawa nyingine ya kushikilia.
Nyumba isiyopauliwa, mvua huila.”
Sikujua nani alimfundisha kuzungumza na maseremala.

Jana jua lilichungulia, dakika chache, jekundu.
Torbjørg akataka hewa.
Dirisha nililipiga randa usiku uleule tuliotoka hospitali,
saa nane, nikiwa na koti mwilini,
nikakwangua na kukwangua.
Akaliweka kidole kimoja. Likafunguka.
Mimi pumzi nilikuwa nimeibana.

“Oddvar,” akasema, mgongo ukinielekea,
mgongo ule,
“umelikwangua kupita kiasi. Hata likifungwa upepo unapenya.”
Nitalirekebisha, nikasema.
Akacheka. “Lini?”

Nikainuka kitini.
Nilishika meza.