Betri ya Tatu

Murtaz wa Zugdidi alizipanga juu ya kaunta
kama mchuuzi wa meno ya dhahabu.
"Hizi halisi," akasema, "moja lari mia na sitini.
Hizi ni ndugu zao, thelathini.
Sura moja, mama mbalimbali."

Nikaomba mizani yake ya kupimia kahawa.
Gramu themanini. Gramu sabini na moja.
Nikamuuliza: hizo tisa zilizopungua
zimekwenda wapi?
Murtaz akatazama dari.

Rahisi huvunja upishi, nilijua,
ila upishi wangu ulishavunjika
kabla sijainjika chungu.

Siku kumi kwa miguu, Chuberi hadi Ushguli,
kupiga picha nyufa za minara:
nyufa tu, si machweo, si farasi, si mimi,
kila ufa na rula kando yake,
ofisi ipate kujua
mlima unatafuna mawe kwa kasi gani.

Hesabu niliifanya nyuma ya risiti.
Betri moja, picha mia tatu; penye baridi, gawa kwa mbili;
kwa kidole changu kipendacho kurudia, toa hamsini.
Nikatoa mkobani kipande cha jibini,
nikatoa sweta la pili, nikalirudisha,
nikatoa kitabu.
Halisi mbili. Ya tatu, yule ndugu.

Akiba haiozi, wanasema.
Hawajalala hemani chini ya Ushba.
Betri niliyoilaza imejaa
asubuhi ilinikonyeza kwa jicho moja jekundu,
ikazima.
Tangu hapo nililala nazo:
moja soksini, moja kwapani,
na ya Murtaz, kwa kutoiamini, tumboni,
kama yai la kuazima.

Siku ya nane, Adishi. Dhoruba imeangusha nguzo,
kijiji kizima gizani usiku wa tatu,
na halisi zangu zote mbili
zimekufa kifo cha heshima.
Minara saba bado.

Bibi Tsiru hakuuliza habari za nyufa.
Alitoka na gauni jeusi, kitambaa kipya kichwani,
akaweka kiti mbele ya ukuta, akakaa.
"Jirani yangu walimchonga kaburini
kwa picha iliyopigwa kwenye harusi ya watu,
anacheka, mdomo umejaa nyama.
Hivyo ndivyo atakavyocheka mpaka kiyama.
Wanangu wako Kutaisi, hawana yangu ila ya pasipoti.
Uso wa jiwe langu
nataka niuchague mwenyewe."

Nikaichomoa tumboni ile ya lari thelathini.
Joto langu lilikuwa bado ndani yake.
Mstari mmoja.
Kamera ikawaka kwa kusitasita,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Ya kwanza akaikataa. Kidevu.
Ya pili akaikataa, hakusema kwa nini.
Ya tatu aliitazama kwa muda
ambao betri haikuwa nao,
nami sikumharakisha.
"Huyo," akasema. "Huyo ndiye."
Kioo kikawa cheusi,
naye akaendelea kujitazama humo.

Minara saba ya Adishi niliichora kwa penseli,
ufa kwa ufa, kwenye karatasi ya kufungia mkate,
na wa saba nyuma ya risiti ya Murtaz,
ukiegemea hesabu zangu.

Ofisi imeandika barua.
Sijaijibu.