Mji Ambao Mama ni Baba

Lifti ya hapa inakula sarafu.
Tetri kumi kupanda hadi ghorofa ya nane;
kushuka ni bure, kama kwingineko duniani.
Wiki ya tano hii niko Kutaisi,
begi moja, kompyuta, kalamu isiyo na wino,
nachora dubu kwa ajili ya watoto wa Kanada
ambao sitawaona, wala hawataniona.

Mwenye nyumba ni Bi Nanuli.
Hukaa roshani akitunga kokwa za jozi kwenye uzi,
uzi mrefu kuliko mazungumzo yetu,
maana mimi na yeye tuna maneno kumi na moja ya shirika,
na manne kati ya hayo ni vyakula.

Mkalimani ni mtoto wa jirani, Saba.
Si hesabu, ni jina; ana miaka tisa.
Siku ya kwanza nilimsikia ngazini, "Mama! Mama!"
akatokea mwanamume wa ndevu, spana mkononi.
Hapa mama ni baba.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Usiku nilipopiga simu nyumbani, nikasema "Mama",
neno likasita mlangoni
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.

Mama, yule wangu, swali lake ni lile lile:
"Huko umeajiriwa na nani?"
Na kompyuta, namwambia.
"Na kompyuta imeajiriwa na nani?"
Hapo ndipo mtandao hukatika,
mara nyingine kweli.

Wahariri wako Montreal.
Wao wakifungua ofisi, jua la hapa limeshachoka.
Barua zao zina adabu ya sindano:
"Bibi dubu anapendeza. Ila mikunjo imezidi.
Ila mikono mizito. Ila, samahani, hayo malapa."
Malapa ni ya Bi Nanuli. Mikunjo pia.
Niliiba bila kujua, au nikijua;
sijui mchoraji hukoma wapi kutazama
akaanza kuiba.

Alhamisi ya kukabidhi kazi, umeme ukaenda.
Jengo zima. Lifti ikanyamaza na sarafu yangu tumboni.
Nikashuka kwa miguu, kompyuta kifuani
kama mtoto mwenye homa,
hadi kwa Tarieli muoka mikate, mwenye jenereta
na tundu moja tu la kuchomeka.
Alinitazama. Saba alikuwa shuleni, hatukuwa na lugha.
Akachomoa mizani yake, akanichomeka mimi,
na asubuhi ile yote akakata madonge kwa jicho,
akauza mikate isiyo na mizani,
huu mnene, huu mwembamba,
na hakulalamika mtu ila mzee mmoja
ambaye hulalamika kila siku.

Nikakaa juu ya gunia, nikachora.
Nikafuta mikunjo mitatu. Nikarudisha miwili.
Malapa nikayaacha.
Nikamtia bibi unga puani, kidogo tu.
Kisha faili likaanza kupanda, asilimia moja, moja,
kwa mtandao wa simu yenye ufa;
Tarieli aliitazama ile namba kuliko mimi,
na ilipofika mia akapiga makofi,
wingu jeupe likatua kwenye kioo.

Jibu likaja jioni: "Kazi safi.
Swali moja: bibi ana nini puani?"

Sikujibu. Nikaipeleka picha roshani.
Bi Nanuli akaushusha uzi, akavaa miwani,
akatazama malapa yake miguuni mwa mnyama,
muda mrefu hadi nikaanza kupanga jinsi ya kuomba radhi.
Akasema kitu, kifupi.

"Anasema," alitafsiri Saba, mdomo umejaa jozi,
"huyo dubu amesimama tangu asubuhi.
Mpe kiti."

Nimechora kiti.
Montreal bado hawajajibu.