Salio

Dirisha la tatu, ofisi ya daraja upande wa Usagara,
binti mwenye beji ya Jenipha ananiomba kadi ya gari,
namba ya kitambulisho, namba ya simu
na elfu kumi ya kifaa.
Kifaa chenyewe hiki hapa mezani:
cheupe, hakizidi kiberiti,
kina gundi mgongoni na hakina kitufe.
"Unakibandika kiooni, juu, katikati.
Ukifika getini husimami, hushuki, hutafuti chenji.
Geti linakujua, mama."

Sijazoea kujulikana na geti.
Nimezoea foleni ya kivuko,
injini imezimwa, mananasi yanaiva nyuma yetu
kwa harufu ya kutusuta,
na kaka yangu kwenye usukani akihesabu
magari yaliyo mbele: kumi na tisa, kumi na nane,
bado kumi na nane.
"Nkwimba," aliniambia, "siku daraja likiisha
nitavuka bila kugusa breki.
Nikifika ng'ambo ndipo nitakumbuka kupumua."

Jenipha anasoma kadi. Anasoma tena.
"Gari si lako."
"La kaka."
"Shigela Masalu Bugumba. Yuko wapi?"
Namwambia, amevuka.
Anadhani Sengerema.
"Basi akirudi apite asaini,
au tuthibitishe kwa simu yake. Mfumo utamtumia namba."

Ningeweza kumweleza.
Kwamba mirathi iko mahakamani mwaka wa pili,
kwamba hakimu alihamishwa, faili likabaki,
kwamba yupo binamu anayedai tairi mbili za nyuma
kwa kuwa alizinunua yeye.
Lakini nyuma yangu wamesimama watu kumi na wanne
(nimewahesabu; kuhesabu foleni ni ugonjwa wa ukoo)
na simu ya Shigela ninayo mkobani,
ile ya vitufe, iliyofungwa raba kiunoni.
Kila baada ya miezi miwili naitilia vocha ya mia tano,
kampuni isije ikampa mtu mwingine namba yake.

Ikatetemeka.
Tarakimu sita.
Na chini yake, nikipita matangazo ya bahati nasibu,
ujumbe wangu wa mwisho kwake:
Umefika?
Nikamsomea Jenipha namba mojamoja,
kwa sauti ya mtu anayejibu.
"Tayari, akaunti imefunguka. Unamwekea ngapi?"
Nikamwekea elfu arobaini.

Jumatatu alfajiri, gari tupu, nakwenda kupakia,
ziwa bado lina rangi ya sufuria.
Kifaa kinalia mara moja, kama kifaranga,
na ubao wa taa unaandika:

KARIBU SHIGELA
SALIO 36,500

Mkono wa geti ukainuka.
Sikugusa breki.
Nilijaribu na lile la pumzi pia,
lakini daraja ni refu;
nilishindwa kwenye nguzo ya sijui ya ngapi.

Tangu hapo simu ya vitufe ina kazi.
Inaamka usiku juu ya kabati, inanguruma kidogo:
Ndugu Shigela, salio lako linakaribia kwisha.
Naongeza. Elfu kumi, elfu ishirini,
kutegemea Mlango Mmoja walivyonunua siku hiyo.

Wiki iliyopita mahakama iliita, hati imetoka.
Binamu amechukua tairi zake, zimeisha kashata.
Fomu ya kubadili jina ni ukurasa mmoja tu;
Jenipha alinijazia nusu, kwa penseli,
hakusema neno, alinisogezea kiti.
Iko chini ya siti, pamoja na jeki.
Nitairudisha.
Si wiki hii. Wiki hii mananasi ni mengi,
na mananasi hayasubiri mtu.