Andika

Ami Awadhi, tangu uliposhusha mlango wa bati pale Guraya
ukahamia Malindi kwa mwanao,
sina pa kusema "andika".

Lilikuwa neno moja tu.
Kilo ya mchele, andika.
Sabuni ya mche, andika.
Nawe hukuinua kichwa, ulilamba ncha ya penseli
ukaandika Mama Nuswaiba,
kisha ukachomoa kipande cha kashata:
hiki cha mtoto, hiki hakiandikwi.

Basi Jumatatu nimekwenda benki, barabara ya Nkrumah,
na viatu nilivyoviweka kwa ajili ya harusi za watu,
na leseni ya cherehani zangu mbili ndani ya mfuko wa nailoni.
Msichana aitwa Kadzo. Kucha fupi, sauti ya taratibu.
Akanipangia kadi tatu mezani kama mcheza karata.

Hii ya dhahabu ina pointi, asema.
Pointi ni nini?
Ukinunua sana wapata pointi. Ukipata pointi, wanunua tena.
Nikacheka. Kadzo naye akacheka,
kisha akageuka kuona kama meneja yuko.

Hii nyeusi yakufungulia chumba cha mapumziko uwanja wa ndege.
Mwanangu, safari yangu ndefu ni feri ya Likoni,
na huko twapumzika wima.

Ya tatu ilikuwa kijivu, kama jivu la jikoni.
Haina zawadi. Haina chumba. Ada ya mwaka hakuna.
Ukilipa yote kabla ya tarehe ishirini hawakudai hata ndururu,
na ukichelewa
hapo nikamsimamisha.
Nisomee yale maandishi madogo, na usome kwa sauti,
macho yangu yameishia kwenye matundu ya sindano.
Akasoma. Riba, na riba juu ya riba, na faini.
Madogo kama mayai ya chawa,
na huanguliwa vivyo hivyo.

Wewe, mwaka ule bandari ilipomwachisha kazi babake Nuswaiba,
deni letu lilijaa kurasa mbili na nusu
na hukuongeza shilingi.
"Karatasi haioni njaa," ulisema, "watoto ndio huiona."

Lakini nisikusifu nikapitiliza, Ami.
Siku moja mbele ya wifi yangu, duka limejaa,
uliuliza, "Na ile ya mwezi jana?"
Nikaenda nyumbani na unga wangu, uso chini,
na kwa wiki nzima nikapita njia ya nyuma.
Kadi haina mdomo. Kwa hilo nimeipa alama.

Nikachukua ya kijivu.
Kiwango tukuwekee elfu hamsini? aliuliza Kadzo.
Niwekee kumi.
Lakini mfumo wakuruhusu hamsini, mama.
Mfumo haujui mkono wangu.
Mimi nikipewa jora, nitakata jora.

Wiki mbili, bahasha ikaja.
Jina langu lote, lile nisiloitwa ila na daktari,
MWANAESHA FUMO SHALI,
herufi zimeinuka kama darizi.
Nililipapasa kwa kidole gumba hadi chai ikapoa.

Supamaketi nikachukua kitu kimoja:
daftari, kurasa tisini na sita, mistari ya buluu,
shilingi sitini.
Kwa kadi ni kuanzia mia mbili, akasema kijana wa kaunta.
Nyuma yangu foleni yakohoa.
Nikarudi ndani, nikaongeza kilo ya mchele.
Nikabonyeza namba ya siri, nimeziba kwa buibui
kama mtu afichaye mtihani.
Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena.
Ikatoa ulimi wake wa karatasi.

Nje, kwenye kivuli cha bango la rangi za nyumba,
nikafungua ukurasa wa kwanza, nikalamba penseli:
mchele, kilo moja.
Daftari, hili hili.
Kulipa: kabla ya tarehe ishirini, inshallah.

Kashata, hakuna.