Wino Mwekundu, Ukurasa wa Tatu

Insha ya Pajzoua Vang ilianza kwa mchele.
Mada niliyotoa ilikuwa kodi za nyumba mjini Saint Paul.
Yeye akaanza na mchele wa bibi yake,
unavyooshwa mara tatu kabla ya kuinjikwa,
kisha ukoo, kisha mto waliouvuka usiku,
binamu aliyebaki ng'ambo,
kitambaa cha darizi ukutani
chenye mto uleule, wa uzi wa buluu.
Ukurasa wa tatu, mstari wa chini kabisa,
ndipo kodi ikaingia, viatu mkononi,
kama anayeogopa kuchafua mkeka.

Nikaandika pembeni: Hoja iko wapi?
Nikakata aya. Nikakata nyingine.
Wino ulipokwisha nikafungua kalamu ya pili.

Alikuja ofisini Alhamisi, theluji mabegani.
Akauliza kwanza kama nimekula.
Nikamwambia tuna dakika kumi na tano.

"Kwetu," akasema, "huingii kwa mtu
ukamwaga shida yako ungali kizingitini.
Unabisha hodi. Unauliza waliolala wameamkaje.
Unaonja chakula, hata tonge moja.
Mimi nimebisha hodi kurasa mbili na nusu.
Wewe ukafungua mlango ukasema: Haya, unataka nini?"

Sikujibu. Kutojibu ndiko kwetu.

"Na wewe," akauliza, "nani alikufundisha kukata hivi?"

Nilitaka kusema: chuo. Kanuni. Akili ya kawaida tu.
Aliyenijia ni baba, Toivo Lahtinen,
mkata magogo wa kaskazini, mwana wa Wafini,
mtu wa kusema "ndiyo" kwa kuvuta pumzi.
Aliniandikia barua moja maishani mwake,
mwaka wangu wa kwanza chuoni:

*Ziwa limeganda. Mama yako alituacha Jumanne. Njoo na koti zito.*

Miaka thelathini na moja nimeitunza
kuwa ndiyo insha iliyonyooka kupita zote,
nikiwapima nayo watoto wa watu,
huyu anazunguka, yule anapambapamba,
yule anataja mababu kabla ya takwimu.
Hadi Alhamisi ile, mbele ya msichana aliyesimama
na maji ya theluji yakimdondoka viatuni,
sikuwa nimeona kwamba baba
alianza na ziwa.

Jedwali la idara liko palepale ukutani:
Uwazi wa hoja, alama ishirini.
Nilikuwa nimempa tisa.
Nikaandika kumi na nne,
nikaionea haya hata hiyo kumi na nne.

Dakika zetu zilikuwa zimekwisha.
Mwanafunzi mwingine alikuwa anakohoa nje.
Nikauliza, maana ndilo lililonibakia mdomoni:
mchele ule, kwa nini mara tatu?

Akafunga zipu ya koti.
"Ya nne," akasema, "unaanza kumwaga chakula."