Namba ya Injini

Karani Techera hana haraka na mtu.
Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai,
akaivaa tena, ndipo akanena:
"Bibi Zulma, namba hazilingani.
Hati yasema saba. Chuma chako chasema moja."

Nje, mbele ya manispaa ya Durazno,
lori la baba lilikuwa likidondosha oili juu ya lami,
tone, kituo, tone,
kikongwe asiyeweza tena kujizuia mbele za watu.

Miaka minne nimelala chini ya tumbo lake.
Nililikuta bandani, nyuma ya marobota ya sufu,
kuku ametaga kwenye kiti cha dereva,
nyigu wamehamia taa ya kushoto,
kutu imeutafuna mlango hadi umekuwa kimia.
Gasketi nilizikata kwa mkasi wa kushonea,
kadibodi ya sanduku la viatu.
Pampu ya maji ilikuja kwa basi toka Tacuarembó
imeviringishwa ndani ya suruali ya mtu;
suruali nayo ninayo, nafutia mikono.
Wajukuu waniita Bibi Grisi.
Marehemu Nelson aliniuliza mara moja tu,
"Hilo nalo litafufuka?"
akaenda kuniletea spana namba kumi na nne.

Maana sheria ya hapa ina huruma na vizee vya chuma:
gari likivuka umri fulani lapewa kibao cha ukale,
halilipi ushuru, laheshimiwa njiani,
mradi kila kiungo kiwe cha kuzaliwa nacho.
Cha kuzaliwa nacho! Nikasaka hadi vitasa.
Juzi nikasugua ubavu wa injini kwa msasa,
nikapaka penseli, nikabandika utepe wa gundi,
nikaubandua taratibu kama plasta kwenye goti la mtoto,
namba ikaja nao, tarakimu nane.
Sikuisoma. Nani husoma namba ya injini ya baba yake?

Techera akashuka ghala la chini,
akarudi na daftari lenye harufu ya panya.
Kidole kikatembea. Kikasimama.
"Injini yenye saba iliuzwa.
Machi, sabini na mbili. Kwa kinu cha mpunga,
iendeshe pampu ya shamba.
Saini: Eleuterio Bidart."

Machi, sabini na mbili.
Nilikuwa na miaka kumi na saba na sanduku jipya,
baba akinipeleka stendi, naenda Montevideo kusomea uuguzi,
na lori njia nzima linakohoa.
Nikamwuliza, baba, lina nini?
Akabadilisha gia, macho mbele:
"Baridi tu."
Jua lilikuwa kali. Tulikuwa tumefungua madirisha yote mawili.

Techera akanisogezea fomu.
Sababu ya kubadilisha injini: mistari miwili,
imechorwa kwa watu wenye majibu mafupi.
Nikaandika: Ada.
Akasoma. "Hiyo si sababu ya kiufundi."
"Piga muhuri, Techera."
Kibao cha ukale hakunipa; sheria ni sheria,
nitalipa ushuru kama mwenye gari la jana.
Lakini muhuri aliupiga, tena mara mbili,
wa kwanza ulikosa wino.

Lilikataa kuwaka, bila shaka.
Techera akakunja mikono ya shati,
akaja mlinzi, akaja na muuza tiketi za bahati nasibu,
wakalisukuma hadi mteremko wa mtoni.
Januari, lami inanata viatuni.
Likashtuka. Likakohoa. Likashika.
Mtoto mmoja kando ya njia akapaza sauti:
lina nini?
Nikabadilisha gia.