Kuzimua

Bi Muzna alipima maji kwa kiwiko, si kwa kidole.
Kidole, alisema, kimezoea jiko, kitakudanganya.
Beseni la bati, ua wa Kibokoni, mvuke,
kisha kata moja ya maji ya mtungini:
"Yazimue, wewe. Mtoto si muhogo."

Neno hilo nimekuja kulifungua ukubwani
kama fundi anavyofungua saa.
Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua.
Basi zima, zimua: ingekuwa kuwasha tena
kilichozimwa.
Lakini Mvita nzima humwagia moto baridi
na kuita hivyo. Imekosea sarufi, au sisi?

Nikamuuliza Kitsao, mgema wa Kisauni,
saa moja asubuhi, macho kama pilipili.
"Jana mnazi uliniua," akasema.
"Hiki kimoja ni cha kuzimua."
Akavuta mrija. Akafufuka mbele yangu,
akaanza hata kunidai.
Nikaandika daftarini:
shahidi wa kwanza wa sarufi, mlevi.

Nikamuuliza Mbaruku wa mkokoteni,
madebe ishirini na gurudumu linalolia.
Ya kisima yana chumvi, akasema,
ya bomba ni matamu, yatoka Mzima, huko bara.
Wenye mikahawa huyachanganya.
"Chai haina ulimi, dada."

Mzima! Nilirudi nalo mdomoni kama peremende.
Mkate mzima. Mtu mzima. U mzima?
Uzima na kuzima wanapita mlango mmoja,
na sijui ni yupi mwenye nyumba.
Kamusi yangu, iliyoliwa jalada na mende,
inasema *punguza ukali*,
kisha inanyamaza kama mtu aliyekumbushwa deni.

Jumanne walinipigia simu.
Chumba kilekile, pazia la kanga mbili,
majani ya mkunazi yamepondwa, kafuri kwenye karatasi.
Birika lilichemka kupita kiasi, hakuna aliyeliangalia.
Mwosha akatoa sauti nyuma ya pazia:
"Ya moto haya. Yazimueni."

Wanawake wakanitazama mimi, mwenye madaftari.
Alikuwa hahisi tena moto wala baridi.
Nikateka kata moja. Nikaongeza nusu.
Mwingine akanyoosha kidole kuonja joto,
nikamshika mkono.

Nikakunja mkono wa buibui
hadi juu ya kiwiko.